Maandazi ya Esteri

Kama hujawahi kuchekwa na kijiji kizima cha Titye, basi hujui kuchekwa. Huku watu hawakucheki usoni wakamaliza. Wanakucheka kisimani, wanakucheka gulioni, wanakucheka wakipalilia maharage, na mkikutana njiani wanakuamkia kwa adabu zote, ila ukishawapa mgongo unasikia mtu anakohoa. Esteri Niyomwungere alikoholewa hivyo karibu mwaka mzima.

Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu. Esteri alikuwa fundi wa tanuru, na wanawake mafundi wa tanuru Kasulu yote unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Kufyatua matofali wanawake wanafyatua, na kubeba maji ya tope ndiyo kazi yao tangu zamani. Lakini kulipanga tanuru, kulikandika, kupanda juu yake na kuamua kwamba sasa moto umefika, hiyo wanaume wamejiwekea wenyewe. Walisema mwanamke akikanyaga juu ya tanuru matofali hupasuka. Esteri alivaa suruali ya marehemu mume wake chini ya kitenge, akakanyaga, na matofali hayakupasuka. Maduka mawili ya Haidari pale Kasulu mjini yamejengwa kwa matofali yake. Haidari ni mfanyabiashara, Mwislamu ambaye babu yake alitokea Pangani, na tangu siku alipoona matofali yale hakumwita Esteri dada wala mama. Alimwita Fundi.

Ufundi aliupata kwa baba yake, mzee Ndayisaba, aliyekimbia Burundi akiwa kijana, akaingilia mpaka wa Manyovu, na akaanza kuwafyatulia watu wa Titye matofali kabla hajajua Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa. Mzee alifia hapa, raia, akazikwa hapa. Binti yake akabaki na kalibu lake la mbao, lile la kufyatulia, lililolainika pembeni kwa mikono ya miaka mingi.

Esteri ni Msabato, na kanisa lao dogo kule kitongojini lilikuwa la miti na nyasi. Mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa. Yalilala nyumbani kwa mzee wa kanisa, Bazilio, na kuku wake walikuwa wametagia juu yake misimu miwili. Msingi ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni ukuta. Basi kiangazi kimoja kila nyumba ilifyatua matofali mia nne. Wajane walifyatua, walimu walifyatua, mzee Bazilio mwenye mgongo mbovu alifyatua mia nne yake bila kupunguza hata moja. Yakatimia elfu ishirini, yakakauka, akakabidhiwa Esteri ayachome pale pale kando ya kanisa.

Hapo ndipo mdomo ulipomponza kichwa. Sabato iliyotangulia alisimama wakati wa matangazo akasema kwamba Sabato ijayo wataabudu huku wakiota joto la tanuru lao. Hakuna aliyemwomba aseme. Alisema kwa sababu alijiamini, na tuseme ukweli, alisema kwa sababu alipenda kuwaona wanaume wa baraza la kanisa wakitikisa vichwa kumkubali.

Kupanga kukachelewa, kama kazi ya watu wengi inavyochelewa. Tanuru likaisha kupangwa Jumanne jioni. Mama yake, bibi Ndayikunda, alikuja na mkongojo wake, akalizunguka taratibu, akauliza litawashwa lini. Esteri akajibu kesho. Bibi akahesabu kwa vidole. Tanuru la ukubwa ule linataka siku tatu za kulishwa kuni mfululizo, nne kama kuni ni mbichi, na kuni za kanisa zilikuwa mbichi. Ilikuwa miti ya milingoti iliyokatwa wiki ile ile, kila mtu ameleta alichoweza.

"Ngoja Jumapili, mwana wanje, mwanangu," bibi akasema. "Moto hauna kanisa. Haujui kwamba Ijumaa jua linazama."

Maana kwa Wasabato, jua la Ijumaa likishazama kazi zote zinasimama, na moto wa kazi ndio wa kwanza kusimama. Esteri alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Buhigwe, mapema kuliko kawaida, na isitoshe alikuwa amekwisha kusema mbele za watu. Akamwambia mama yake kwamba tanuru lake hushiba kwa siku mbili na nusu. Jumatano mchana akawasha.

Milingoti mibichi ililia machozi na moshi, moto ukajivuta. Ijumaa saa kumi jioni Esteri akapanda juu. Tanuru lililofika, ukilinyunyizia maji kileleni yanachemka na kuruka. Alinyunyiza. Maji yakanywewa kimya kimya, kama mtu amemwagilia mchicha.

Akiwa bado huko juu, pikapu ya Haidari ikasimama barabarani, inatoka Manyovu na wapakiaji watatu nyuma. Haidari alitazama moshi, akatazama jua, akaelewa bila kuambiwa.

"Fundi," akasema, "hawa wangu Ijumaa yao wameshaisali. Shuka ukaoge, nenda kanisani. Sisi tutalisha mpaka kesho magharibi, na sitaki hata shukrani."

Ulikuwa wema mtupu, na Esteri aliutamani kwa uchungu. Matofali yale hayakuwa yake. Yalikuwa jasho la nyumba hamsini. Lakini amri aliyofundishwa haikumpumzisha yeye peke yake. Ilimpumzisha na mtumishi, na mnyama, na mgeni aliye malangoni. Angemtwisha mgeni dhambi yake, kisha yeye akaimbe? Akamshukuru, akakataa. Haidari hakubishana. Naye ni mtu wa dini, anajua kuna mambo mtu habembelezwi. Esteri akashuka, akaziba midomo ya tanuru kwa mawe na tope, akaoga, akaenda kuikaribisha Sabato pamoja na wenzake.

Kesho yake mvua ikanyesha katikati ya mahubiri. Ilinyesha ile ya kuziba masikio, na mhubiri akanyamaza kwa sababu hakusikika. Watu wote walikuwa wakitazama upande mmoja.

Walipolifungua tanuru, matofali yaliyokuwa karibu na midomo yalikuwa mekundu, yameiva vizuri. Yaliyofuata yalikuwa ya kahawia nje na meusi ndani. Yaliyobaki, elfu kumi na nne, yalikuwa udongo. Mvua iliyaingilia kwa juu, yakalegea, yakaegemeana, yakashikana. Mtu mmoja, jina lake tulihifadhi, akalivunja moja la kahawia, akachungulia ndani, akasema hili ni andazi limetolewa kabla ya kuiva. Tangu siku ile yakaitwa maandazi ya Esteri. Hata watu ambao hawajawahi kufika kitongojini walijua kuomba chai ya kuteremshia.

Baraza la kanisa likaketi. Bazilio hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye mgongo ulikuwa bado unamuuma kwa matofali mia nne yaliyogeuka tope. Akasoma maamuzi kanisani: kazi imeondolewa kwa dada Esteri, apumzike. Fundi wa Kibondo aitwe aje atazame. Na kama hadi mwisho wa Agosti mwaka unaofuata hakuna ukuta ulioanza kusimama Titye, mabati yapelekwe kwa ndugu wa Kasanda, ambao kuta zao zimesimama tayari na wananyeshewa.

Neno lile "apumzike" lilimchoma Esteri kuliko maandazi. Na alipigwa pande zote mbili. Wengine walisema angekuwa na imani, Mungu angeyaivisha kabla ya jua kuzama. Wengine walisema angekuwa na akili, angemwachia Haidari. Akahamia benchi la nyuma. Akaacha kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Marafiki walimfariji kwamba kuteleza si kuanguka, naye akachukia faraja ile, maana alijua hakuteleza. Alianguka, tena kwa kishindo, tena juu ya mali ya watu. Kulikuwa na siku aliwaza kuhamia Kibondo kwa dada yake, mahali ambapo hakuna anayejua jinsi anavyochoma matofali.

Siku alipoanza kufunga mizigo, bibi Ndayikunda aliingia, akakaa juu ya sanduku lile lile lililokuwa linafungwa. Hakumwuliza anakwenda wapi. Aliuliza kalibu liko wapi. Esteri akaonyesha ukutani lilikotundikwa.

"Baba yako alivuka Manyovu na hilo kichwani," bibi akasema. "Hakuvuka na tofali hata moja. Nyumba aliyokuwa amejenga kule ilibaki kule, na watu wakaivunja. Sasa wewe unalilia matofali?"

Esteri akasema siyo matofali, ni aibu. Bibi akamjibu kwamba aibu haina uzito, anaweza kwenda nayo kisimani na kurudi nayo na maji yasimwagike. Halafu akakataa kuondoka juu ya sanduku mpaka jua lilipoanza kuinama, na hivyo safari ya Kibondo ikafa.

Jioni ile Esteri alikwenda peke yake penye tanuru. Mvua zilikuwa zimeshika kasi. Rundo lilikuwa limebomoka, linateleza, na yeye alisimama ndani yake bila viatu. Tope likapanda katikati ya vidole vyake. Lilikuwa laini, limechanganyika vizuri, halina kokoto, udongo uliokwisha kuchaguliwa na kuchekechwa na nyumba hamsini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu udongo hawakusema kitu. Tofali lililoungua nusu ndilo lisilo na dawa, maana haliwezi kuwa tofali wala haliwezi kurudi kuwa udongo. Lakini bichi ukililowesha linakubali kuanza upya kana kwamba hukuwahi kulikosea. Esteri alisimama pale, kwa mara ya kwanza tangu Septemba akaona hasira, na hasira ilikuwa tamu.

Sabato iliyofuata, wakati wa shuhuda, alitoka benchi la nyuma akaenda mpaka mbele. Watu wakakohoa. Aliwaacha wakohoe mpaka wamalize.

"Nilikosea Jumatano," akasema. "Niliwasha kwa majivuno, mama yangu alinikataza na nikamdharau. Kwa hilo nawaomba radhi, nyumba kwa nyumba. Lakini Ijumaa sikukosea, na kwa Ijumaa sitamwomba mtu radhi."

Bazilio akamkumbusha kwa upole kwamba baraza limekwisha kuamua apumzike.

"Nimesikia, mzee. Bwana wetu naye, Ijumaa jioni walimziba kwa jiwe, wakaenda nyumbani wakijua yamekwisha. Sabato nzima alilala kaburini, na waliomcheka wakalala vizuri. Siku ya kwanza alfajiri walikuta hayupo. Mimi niliziba tanuru Ijumaa, na tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi nimechelewa kuamka. Lakini nimeamka. Ule udongo nitaufyatua mwenyewe, wote. Yakiiva mtajengea. Yasipoiva nitajengea banda la mbuzi, na mabati yaende Kasanda nikiyasindikiza."

Mtu akasema kwa sauti ya chini kwamba fundi wa Kibondo ameshaitwa. Esteri akajibu, "Aje. Atanikuta udongoni." Kisha hakurudi benchi la nyuma. Alikwenda kuketi na sauti ya pili, mahali pake, na aliyekuwa amekikalia kiti chake akasogea.

Fundi wa Kibondo kweli alikuja, mwezi wa nne. Aliliangalia rundo lililoota majani, akasema hapa hakuna kazi ya fundi, hapa mpande viazi. Aliwaambia wafyatue matofali mengine elfu ishirini ndipo wamwite. Watu walitazamana. Hakuna nyumba iliyokuwa na moyo wa kufyatua mia nne mara ya pili.

Esteri alikuwa amekwisha kuanza, ila wengi walikuwa hawajaona. Tangu Disemba alikuwa akipasua kuni na kuzipanga chini ya paa la jiko, mpaka bibi Ndayikunda akalalamika kwamba amekosa pa kuwekea mtungi. Mwishoni mwa Mei, mvua zilipokatika, aling'oa majani, akalowesha kilima chake, akakanyaga. Siku nyingine alifyatua matofali mia mbili, siku nyingine mia mbili na hamsini. Asubuhi kwapa linauma, mchana kiuno, jioni vyote. Ijumaa mchana anafunga kazi, Jumapili alfajiri anaanza. Wapitao kwenda gulioni walimpungia wakimwuliza maandazi ya leo ni ya sukari au ya chumvi. Mwanzoni aliendelea kukanyaga. Baadaye akawa anawajibu kwamba ni ya sukari, waje na mikono yao wakande. Wengi walicheka wakapita. Wanawake wanne wa kwaya walikuja kweli, wakavua viatu. Nyumba arobaini na kitu hazikuja, na Esteri hakuzisema vibaya, ingawa alizijua zote kwa majina.

Bazilio alipita kila asubuhi akipeleka ng'ombe wake malishoni, hasimami. Siku moja ya Julai akasimama. Aliuliza yamefika mangapi, akaambiwa elfu tisa. Akasema mara hii hatawaambia watu walete kuni. Esteri akasema anazo. Bazilio akatazama lile kalibu, akataka kusema kitu, ng'ombe akamvuta.

Agosti, wiki ya pili, tanuru lilisimama. Watu wakamshauri asisubiri, siku za baraza zinakwisha, wingu halina mwenyewe. Ilikuwa Jumatano. Esteri alikaa kwenye kivuli cha tanuru lake, akasuka ukili Jumatano yote, Alhamisi yote, na Ijumaa mpaka saa sita, mbele ya kila mpita njia, kwa makusudi. Alitaka wamwone akisubiri. Jumapili, kabla jogoo wa Bazilio hajawika mara ya pili, aliomba maneno machache, akawasha.

Kuni kavu hazikulia. Zililipuka. Lakini tanuru ni tanuru: Jumanne moshi ulikuwa bado mzito, mweupe, na watu wakaanza kujikusanya upande wa pili wa barabara kama waliokuja kwenye arusi ya jirani. Esteri aliogopa. Akawageukia watu wale, akawaambia kama wamekuja kuangalia waendelee, kama wamekuja kucheka waanze sasa, maana kesho hawatapata nafasi. Kisha akaongeza gogo.

Jumatano saa nane alipanda. Moshi ulikuwa umekuwa mwembamba, wa buluu. Akanyunyiza maji. Yalichemka kabla hayajatua, yakaruka mpaka kwenye kitenge chake, na Esteri akakaa chini pale pale juu ya joto lile akalia, kisha akashuka haraka kwa sababu suruali ya marehemu ilianza kunuka kuungua. Akaziba kilele, akaziba midomo. Alhamisi alilala usingizi.

Ijumaa saa kumi pikapu ya Haidari ikasimama barabarani. Ni makusudi, maana siku ile hakuwa anatoka popote. Alitoa kichwa dirishani akasema vijana wake watatu wapo, kama Fundi anawahitaji kulisha moto.

"Waache wakae," Esteri akamjibu. Alikuwa ameshaoga, ameketi mlangoni na Biblia mapajani. "Leo hata moto umepumzika."

Tanuru likapoa siku kumi. Lilifunguliwa Jumapili, na safari hii hakuna aliyebaki nyumbani. Hata nyumba zile arobaini na kitu zilikuja, na zingine zilikuja na ndugu. Esteri alitoa matofali mawili ya juu kabisa, yale ambayo mwaka jana yalikuwa uji, akayagonganisha. Yalilia kama chuma. Akatoa ya katikati, akagonganisha, yakalia. Baada ya hapo watu wenyewe walianza kuchukua na kugonganisha, kila mtu na mawili yake, mpaka kilima kizima kikawa kinalia na bibi Ndayikunda akaziba masikio.

Bazilio alikuja mwisho, mkono mmoja kiunoni. Agosti ilikuwa imebakiwa na siku mbili. Alisimama mbele ya Esteri akatafuta pa kuanzia, akaanza kwa kusema kwamba Bwana ni mwema, kisha akasema kwamba baraza lilikuwa limefikiri kwa nia njema, kisha akasema kwamba watu nao, mwaka jana, yale maneno ya maandazi, walitania tu.

Esteri alichagua tofali moja jekundu, akalifuta vumbi kwa kitenge, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa.

"Karibu, mzee," akasema. "Uma."

Bazilio alilitazama tofali, akamtazama mwanamke aliyempa, na uso wake ukajikunja mpaka watu hawakujua analia au anacheka. Hakuuma. Alilipandisha begani, na mgongo wake ule mbovu, akatangulia nalo mpaka kwenye msingi wa kanisa akaliweka, la kwanza la ukuta. Kisha akarudi kuchukua la pili.